Kasoro Siku Tisini na Mbili

Alhamisi, 3 Oktoba

Mwalimu Mbaluka amekuja maktabani leo akisukuma toroli. Nilidhani ameleta mchanga wa kuziba lile shimo la mlangoni, kumbe ameleta mvua. Mvua ya hapa Kyuso ya miaka arobaini na mmoja, daftari moja kwa kila mwaka, kuanzia 1983 hadi mwaka jana. Kila daftari limevalishwa karatasi ya kaki kama alivyotulazimisha kuvalisha vitabu vyetu alipokuwa akitufundisha darasa la saba.

"Bushra," akaniambia, "kila asubuhi saa tatu nimetoka nje nikasoma kipimamvua. Hata siku moja sijakosa."

Nilimwamini. Nani asingemwamini? Ni mzee wa kanisa, na saa yake ndiyo watu wa sokoni hurekebishia zao.

Naandika haya ili nisisahau tulivyoanza. Tuko watatu kwenye kamati. Mimi ninayetunza hii maktaba ya jamii, Mwalimu, na Daktari Nzilani, mtaalamu wa hali ya hewa aliyezaliwa Mukuyuni, kule Makueni. Tutafanya Tamasha la Mvua tarehe 7 Desemba, uwanja wa soko. Kutakuwa na ngoma, nyimbo na maelezo ya sayansi, lakini kitu chenyewe hasa ni kiondo. Kiondo kikubwa, cha kunifika kifuani, ambamo kina mama watasuka miaka yote hiyo. Kila mwaka mizunguko miwili. Mwaka wa ukame mwekundu, mwaka wa kawaida mweupe, mwaka wa mvua kubwa wa buluu.

Wazo ni la Nzilani. "Nimeonyesha grafu kwenye mabaraza kumi na mawili," alisema. "Watu wanapiga makofi ya heshima, wanaenda nyumbani. Nataka kitu mtu anaweza kushika."

Ijumaa, 4 Oktoba

Joto. Nimekuta nge ndani ya daftari la 1991.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimeenda kwa Syombua, yaani Mama Muli, mwenyekiti wa wasusi. Mwanamke huyu husuka akitembea, husuka akibishana, nadhani hata usingizini vidole vyake vinaendelea. Hakuuliza kitu chochote kuhusu hali ya hewa. Aliniuliza, "Wewe mwiitu, binti wa Abdulmalik, unajua kusokota mkonge?"

Nikasema nitajaribu. Akaniwekea nyuzi kwenye paja, nikasokota mpaka ngozi ikawaka moto, na kilichotoka kilifanana na mkia wa panya. Wanawake wote walicheka, Mutindi zaidi ya wengine, mpaka akashika mbavu.

"Sawa," Mama Muli akasema. "Tutasuka. Lakini wewe usiguse."

Jumatatu, 14 Oktoba

Wameanza. Wanawake kumi na wawili chini ya mabati nyuma ya maktaba. Nasoma daftari, nataja rangi, wanasuka. Kitako peke yake kimekula siku nzima.

Jumamosi, 19 Oktoba

Hakuna wingu. Baba anasema hata vitambaa dukani kwake vimechoka na jua.

Ijumaa, 25 Oktoba

Leo tumekosana vibaya, na nusu ya kosa ni mdomo wangu.

Tulifika 1996. Nikasoma, "Tisini na sita, vuli ya kawaida. Nyeupe." Mama Muli akaweka uzi chini.

"Hiyo mwaka si nyeupe."

"Ndivyo ilivyoandikwa, Mama."

"Basi hiyo kitabu inadanganya. Hiyo mwaka hakukuwa na mvua. Oktoba, Novemba, Desemba, hakuna. Nilizaa Muli mwezi wa kumi, nikamwosha na maji ya kikombe kimoja mpaka Krismasi."

Nilikuwa nimechoka, jua limenipiga, na siku za tamasha zinanifukuza. Nikasema, mbele ya wenzake wote, "Mama Muli, kichwa cha mtu kinasahau. Daftari halisahau."

Akainua macho kunitazama. Kisha akauliza polepole, "Hiyo daftari yako ilinyonyesha nani?"

Akakunja mkeka wake akaondoka. Sita wakamfuata.

Jumamosi, 26 Oktoba

Hakuja. Nimemwambia Mutindi asuke nyeupe. Amesuka, lakini hakuimba.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimempa Mwalimu habari. Alikuwa akifuta miwani yake. "Mama Muli ana maneno mengi," alisema, akaaga upesi, hata chai hakumaliza. Nami nikaona ni ukaidi tu wa yule mama, mtu asiyetaka kushindwa na karatasi. Nimeagiza bango la tamasha: MWALIMU MBALUKA, MIAKA 41 BILA KUKOSA SIKU HATA MOJA.

Jumamosi, 2 Novemba

Mawingu asubuhi. Adhuhuri yamekwenda zake. Tumefika 2001, wasusi watano tu.

Jumatano, 6 Novemba

Imenyesha! Imeanza alfajiri na matone makubwa yanayopiga mabati kama mawe, halafu ikatulia, ikawa mvua ya kweli. Saa tatu kamili nilimwona Mwalimu akitoka na mwavuli kwenda kwenye kipimamvua chake. Milimita thelathini na moja na nusu. Soko zima lilikuwa mlangoni likinusa udongo. Leo hakuna aliyesuka. Kila mtu yuko shambani anapanda ndengu.

Jumanne, 12 Novemba

Nzilani amepiga simu. Alikuwa akiingiza madaftari yote kwenye kompyuta, kutoka picha nilizomtumia, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Uko peke yako, dada?"

Nikamwambia ndiyo.

"Vuli ya 1996 na vuli ya 1988 ni moja. Siku kwa siku. Hata ile mvua ya milimita kumi na saba nukta mbili ya tarehe 11 Novemba. Siku tisini na mbili, Bushra. Mvua haiwezi kujirudia hivyo."

Nikamwambia labda amechanganya picha. Akanisomea. Nikachukua mawili hayo rafuni nikayaweka pamoja mezani, nikafuata kwa kidole. Oktoba yote. Nilipofika katikati ya Novemba nikaacha, kwa sababu nilikuwa naliona jicho la Mama Muli la siku ile aliyokunja mkeka.

"Tufanye nini?" nikauliza.

"Mimi naweza kuifuta kwenye kompyuta na hakuna atakayejua. Lakini wewe ndiye unayemfahamu Mwalimu. Nenda kwake kwanza."

Jumatano, 13 Novemba

Nimeenda.

Alikuwa uani akikagua miche ya mtama. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, yote yakapotea. Nikatoa tu madaftari mawili kwenye mfuko, nikayafungua kwenye benchi, la 1988 na la 1996, Novemba kwa Novemba.

Hakuyatazama. Alijua.

"Nani mwingine ameona?"

"Daktari Nzilani peke yake."

"Na umekuja kunihukumu."

"Nimekuja kuuliza, Mwalimu."

Alisimama, akaenda mpaka kwenye kipimamvua, akakishika kama mtu anayeshika bega la rafiki. Akaanza kusema akiwa amenipa mgongo. Mwishoni mwa mwezi wa tisa wa 1996 mkewe aliugua. Walimpeleka Nairobi, naye Mwalimu akakaa kando ya kitanda miezi mitatu. Mkewe alifariki wiki ya mwisho ya Desemba. Aliporudi Kyuso baada ya mazishi, mkesha wa Mwaka Mpya, alikuta daftari liko wazi mezani, kurasa tupu, na barua ya ofisi ya hali ya hewa ikiuliza ripoti yake iko wapi.

"Miaka kumi na tatu nilikuwa sijakosa," akasema. "Watu walikuwa tayari wananisifu kwa hilo. Nikatazama zile kurasa nikaona... nikaona kama ni mimi niliye mtupu. Nikafungua 1988, kwa sababu ulikuwa mwaka mzuri, mwaka tulioezeka nyumba hii. Nikaandika."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpigia kelele. Nikasema, "Mama Muli nilimwita mwongo kwa ajili ya kurasa hizi."

Hapo aligeuka. "Nenda nyumbani, Bushra," alisema. "Tafadhali."

Alhamisi, 14 Novemba

Hajaja maktabani.

Ijumaa, 15 Novemba

Hajaja. Baba ameniuliza mbona sili. Nikamweleza. Akasema, "Usimsukume. Mtu huyo hajawahi kuchelewa mahali popote."

Jumapili, 17 Novemba

Amekuja baada ya ibada, na suti yake ya kanisani. "Nipeleke kwa Mama Muli," alisema. "Nataka uwepo."

Tukamkuta anapalilia ndengu. Alituona, akaendelea na jembe lake mpaka mwisho wa mstari, halafu ndipo akaja.

Mwalimu alivua kofia. "Mama Muli, ile mwaka ya tisini na sita. Ulisema kweli. Mimi nilikuwa Nairobi na marehemu. Ile mvua niliandika haikunyesha. Niliinakili."

Upepo ulikuwa ukipitisha harufu ya udongo mbichi. Mama Muli alichomeka jembe ardhini.

"Ulikuwa Nairobi na Mama Nduku," akasema.

"Ndiyo."

"Alinifundisha kushona kola ya shati, Mama Nduku. Niliposikia amekufa sikuweza kuja matanga, Muli alikuwa mdogo na hakukuwa na maji." Akafuta mikono kwenye leso. "Sasa, Mwalimu, miaka ishirini na nane umebeba hii kitu peke yako?"

Nilimwona mtu aliyenifundisha kugawanya desimali akilia katikati ya ndengu, na kofia mkononi.

Ikawa zamu yangu. Nikamwomba Mama Muli msamaha kwa maneno yangu, tena kwa sauti, maana nilimvunjia heshima kwa sauti.

"Wewe nilikusamehe siku ile ile," akasema. "Ulikuwa na njaa, niliona. Sasa tuambie, hiyo kiondo imefika wapi?"

"Elfu mbili na tisa."

Akapiga mluzi. "Tunafumua."

Jumatatu, 18 Novemba

Wamefumua miaka kumi na minne. Mizunguko ishirini na minane. Nyuzi za kusimama zimebaki zikining'inia kama nywele zilizofumuliwa misuko. Mutindi, ambaye ni mdogo wa mwili, aliingia ndani ya kiondo kulegeza mafundo, akawa anaimba humo ndani, sauti inatoka kama redio. Wasusi wote kumi na wawili wamerudi. Zimebaki siku kumi na tisa.

Nzilani ametoka Mukuyuni kuja kushuhudia. Mama Muli alitaka 1996 iwe nyekundu tu. Nzilani akasema nyekundu ni sawa, lakini hapo hakuna milimita, na anayetazama ana haki ya kujua. Walibishana kwa heshima karibu saa nzima, mmoja na kalamu, mwingine na uzi. Wamekubaliana iwe nyekundu, na ndani yake upite uzi mmoja mweusi, maana yake huu mwaka umekumbukwa na watu, haukupimwa.

"Lakini ukumbukwe na wengi," Nzilani akasema. "Si na Mama Muli peke yake."

"Niletee hao wengi," akajibu Mama Muli. "Wako hapa hapa."

Jumatano, 20 Novemba

Mvua kubwa. Magugu yameota kuliko ndengu. Wasusi watatu tu wamekuja, na hao watatu wanatazama mlango. Siwezi kuwalaumu. Ndengu isipopaliliwa wiki hii, hakuna ndengu.

Alhamisi, 21 Novemba

Msusi mmoja. Zimebaki siku kumi na sita na tuko 1997. Sitaki kuandika zaidi.

Ijumaa, 22 Novemba

Mwalimu amepata jibu, nalo si la kisayansi. Ameitisha mwethya, ile kazi ya pamoja ambapo watu huingia shamba la mmoja wakamaliza kisha wakaenda la mwingine. Amewatangazia wazee wenzake wa kanisa. Nami nimemwomba Baba, akatangaza msikitini baada ya swala ya Ijumaa: "Tunaenda kupalilia mashamba kumi na mawili ili kina mama wasuke."

Jumapili, 24 Novemba

Mikono yangu haishiki kalamu. Jana na leo tumemaliza mashamba saba! Wazee wa kanisa walikuja jana asubuhi na leo baada ya ibada, wafanyabiashara wa msikitini walifunga maduka siku zote mbili. Baba, ambaye babu yake alitoka Lamu na ambaye nadhani hajashika jembe tangu azaliwe, alikata mistari miwili ya ndengu kabla Muli, mwana wa Mama Muli, hajamnyang'anya jembe kwa adabu. "Mzee Abdulmalik, wewe tuletee chai." Akaleta chai, birika tatu. Mwalimu hakusimama hata kunywa.

Na kule chini ya mabati wanawake kumi na wawili wanasuka na kuimba. 2003.

Jumatano, 27 Novemba

Mashamba yote kumi na mawili yamekwisha. 2010. Tumepita tulipokuwa!

Ijumaa, 29 Novemba

Watu wanaleta vitu. Habari imetoka, Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeitoa, mtu baada ya mtu, bila kujitetea. Mwalimu mkuu mmoja ameleta kitabu cha matukio cha shule yake: tarehe 15 Novemba 1996, watoto wamerudishwa nyumbani, kisima kimekauka. Sheikh Nuhu amekumbuka Ijumaa tatu mfululizo za swala ya kuomba mvua, na ana waraka alioandikiwa na wenzake wa Mwingi wa tarehe hizo. Mama mmoja kutoka Migwani ameleta kadi ya kliniki ya mtoto, na pembeni muuguzi ameandika kwa kalamu nyekundu: mama ametembea kilomita tisa kutafuta maji. Nimefikisha karatasi kumi na saba.

Nilikuwa naona maktaba yangu ni vile vitabu vya rafuni. Leo karatasi hizi nimeziweka rafu moja navyo.

Jumanne, 3 Desemba

Wamefunga ukingo saa kumi alasiri. Kimekwisha. Mama Muli alikizunguka mara moja, akakipiga kofi kama mtu anayepiga ng'ombe mnene sokoni.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimemwambia Mwalimu nitaondoa bango. Akakataa. "Litundike," alisema. "Niachie mimi. Na unitafutie rangi nyeusi na brashi."

Jumamosi, 7 Desemba

Sijui nianzie wapi, basi nianze na uwanja. Kufikia saa nne viti vimejaa, watu wamekaa juu ya magunia, juu ya mapikapu, juu ya ukuta wa choo cha soko. Watu wa Migwani walikuja na ngoma zao. Mchungaji na Sheikh Nuhu walikalia benchi moja wakigawana mwavuli wa jua. Kiondo kilikuwa katikati, juu ya meza mbili, na watu walikuwa wakikizunguka tangu asubuhi, kila mmoja akitafuta mwaka wake. "Hapa ndipo nilioa." "Hapa ndipo tulikula mizizi." "Hapa, hii buluu, daraja lilienda na maji." Nzilani alisimama kando yao na hakuhitaji grafu. Aliwaonyesha tu kwa kiganja, chini mistari myekundu iko mbali mbali, juu imesogeleana. Mzee mmoja aliweka mkono wake pale akapima mwenyewe, akasema, "Kumbe si mimi tu ninayezeeka. Ni kweli ukame unakuja haraka." Nzilani akamwambia ni kweli, na wakaanza kuzungumza mbegu za mtama unaokomaa mapema, na watu thelathini wakawazunguka.

Kisha Mwalimu akaitwa jukwaani kupewa heshima yake. Alipanda na brashi mkononi. Watu wakacheka, wakidhani ni mchezo.

"Someni hilo bango," akasema. Wakasoma kwa pamoja kama darasa, na sauti ya uwanja mzima ikagonga ukuta wa duka la Baba ikarudi: miaka arobaini na mmoja bila kukosa siku hata moja.

"Si kweli," Mwalimu akasema.

Akaeleza. Hakutumia maneno mengi. Mkewe, Nairobi, kurasa tupu, 1988. Alisema, "Mama Muli alisema kweli na mimi nikanyamaza akadharauliwa." Kisha akapanda kiti, akachovya brashi, akafuta yale maneno ya mwisho. Akaandika, kwa ule mwandiko wa ubaoni ninaoujua: KASORO SIKU 92.

Hakuna aliyecheka tena, nilisikia mbuzi tu. Nikaogopa kwamba tumemvunja mtu mbele ya watu.

Mama Muli ndiye aliyesimama. Hakupanda jukwaani. Alikwenda kwenye kiondo, akaweka kidole juu ya ule uzi mweusi, akapaza sauti kwa Kikamba kwanza, kisha kwa Kiswahili ili wote wasikie: "Hizo siku tisini na mbili ziko hapa. Sisi tulizishika wakati Mwalimu alikuwa amemshika mke wake. Nani alikuwepo?"

"Mimi," akasema mama wa Migwani.

"Mimi," akasema Sheikh Nuhu, akisimama.

"Mimi." "Nasi." "Mimi nilikuwa darasa la tatu!" Wakaanza kusimama safu kwa safu, wenye nywele nyeupe na wenye watoto mgongoni, mpaka waliobaki wamekaa walikuwa wale waliozaliwa baadaye. Nikasoma zile karatasi kumi na saba kwenye kipaza sauti, moja baada ya nyingine, na baada ya kila moja ngoma ya Migwani ikapiga mara moja. Nilipomaliza, Nzilani alichukua daftari la 1996, akachora mstari mmoja juu ya Oktoba, Novemba na Desemba, na chini yake akaandika, akisoma kwa sauti: "Vuli kavu. Haikupimwa. Mashahidi kumi na saba, na uwanja mzima wa Kyuso." Akampa Mwalimu atie sahihi. Kisha akampa Mama Muli, naye akatia kidole gumba.

Hapo ndipo vigelegele vilipopasuka. Sijawahi kusikia kelele kama ile. Ngoma zikashuka katikati, Mutindi akamshika Mwalimu mkono akamvuta, na yule mzee wa kanisa, mwenye kola iliyopigwa pasi, akacheza. Vibaya, lakini akacheza. Baba alikuwa akipiga makofi huku machozi yanamtiririka, na alipoona namtazama akasema ni vumbi. Kulikuwa kumenyesha jana. Hakukuwa na vumbi.

Jumapili, 8 Desemba

Nimelala mpaka adhuhuri. Shule tatu zimeomba kipimamvua.

Jumamosi, 14 Desemba

Mukuyuni, Makueni. Tumeleta kiondo kwa pikapu, Mama Muli akiwa amekaa nyuma amekishika njia yote, amekataa kiti cha mbele. Mwalimu ameeleza habari yake tena, kwa watu asiowajua, safari hii bila bango wala brashi.

Baadaye, watu wakinunua ndizi na kuondoka, akabaki mwanamume mmoja wa makamo, jina lake Kisilu, amesimama karibu na kiondo. Chini ya kwapa alikuwa na mfuko wa nailoni. Alikuwa ameutoa mara tatu na kuurudisha. Mwishowe alimwendea Mwalimu.

"Mimi napima maji ya mto wetu," alisema. "Tangu elfu mbili na nne." Akatoa daftari, akalishika kwa mikono miwili. "Na mimi, Mwalimu, kuna mwaka niliujaza."

Mwalimu Mbaluka alivuta viti viwili karibu na kiondo, akakaa, akampangusia Kisilu kile cha pili kwa kitambaa chake cha mfukoni.

"Kaa," akamwambia. "Tuanzie mwezi gani?"